Laptopu inazima katikati ya video ya harusi, niendelee kuiovakloki ama niache?

Kaka mshauri, habari za huko. Mi niko Arua, kazi yangu kushuti na kuedit video za harusi na mahafali, na jioni vijana wa mtaa wanakuja kucheza geimu kwangu wananiachia chochote. Mwaka jana nilinunua laptopu ya mtumba Kampala, iko na kadi ya picha ya GTX 1650 ya GB 4 na ramu ya GB 16. Ilianza vizuri sana. Lakini tangu kiangazi kiingie mwezi wa 12 imekuwa nzito, video niliyokuwa naitoa kwa dakika 40 sa hizi inapita saa moja na nusu na feni zinalia kama jenereta.

Rafiki yangu akaniambia dawa ni kuiovakloki kadi, yaani kuipandisha spidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Akaniwekea MSI Afterburner, programu ya kubadilisha spidi ya kadi, akasukuma slaida ya kori, yaani chipu yenyewe ya kadi, mpaka +200 na ya memori +800, akaweka na tiki ili hizo namba ziingie zenyewe kila nikiwasha kompyuta. Siku ya kwanza nilifurahi, geimu ilipanda kutoka fremu 60 kwa sekunde hadi karibu 70. Siku ya pili nikaanza kuona vidoti vya kijani na zambarau kwenye skrini. Siku ya tatu niko kwenye video ya mteja, imeshafika asilimia 80, picha ikaganda, skrini ikawa nyeusi, baada ya muda kidogo laptopu ikazima puu. Nikagusa pale juu ya kibodi karibu na skrini, nusura niungue kidole. Ilipopoa nikaiwasha nikacheza geimu dakika kumi tu, kadi ikasoma digrii 87.

Sasa kaka naomba unieleze, hii ovakloki ya laptopu inawezekana bila kuiua? Joto gani ndio mwisho? Na kuna namna ya kuiwekea kitu kiizuie chenyewe ikipita hapo, maana siwezi kukesha nachungulia namba? Mama watoto ameshasema hii mashine ikifa na ada ya shule imekufa, na anasema kweli. Mteja anataka video yake Jumamosi.

Mpiga video, Arua

---

Mdogo wangu, pole na kazi na pole na huo usiku. Kabla hujasoma mbele fungua Afterburner, bonyeza kitufe cha kurudisha setingi za mwanzo, halafu toa ile tiki ya kuanza zenyewe. Kama mashine inakuzimia kabla hujafika huko, ingia Windows kwa seifu modi, huko draiva ya NVIDIA, ile programu inayoiendesha kadi, haipakiwi na hizo namba haziingii, uondoe Afterburner kabisa tutairudisha baadaye. Umeshamaliza? Haya, tuongee.

Kadi yako imekuonyesha dalili tatu na kila moja ina maana yake. Vidoti vya rangi mara nyingi ni memori imesukumwa kupita uwezo wake. Picha kuganda na skrini kuwa nyeusi, hiyo huwa ni kori imeshindwa, Windows ikiona kadi haijibu kwa sekunde kama 2 inajaribu kuizima draiva na kuiwasha upya. Laptopu nzima kuzima ghafla ni kitu kingine, hapo ni joto limefika mahali mashine inajikatia umeme ili isiungue, ama adapta haitoi wati zinazotakiwa. Kwa ulivyosema kibodi ilivyokuwa na moto mi naweka pesa yangu kwenye joto, lakini hata hivyo soma maandishi ya chini ya adapta yako, maana laptopu za mtumba nyingi zinauzwa na adapta ya mashine nyingine, zile wati ulinganishe na zinazotakiwa na modeli yako.

Lakini ngoja nikwambie kitu ambacho rafiki yako hakukiona, na ndicho nataka ukishike kuliko vyote. Video yako haijatoka dakika 40 ikafika saa na nusu kwa sababu kadi haina spidi, hiyo spidi unayo, joto ndilo linaila. GTX 1650 ya laptopu ya wati 50 imeandikiwa spidi ya juu ya MHz 1560 hivi, na ikikaa baridi inaweza hata kupita hapo kidogo yenyewe. Ikifika kwenye kikomo cha joto, ambacho kwa laptopu nyingi ni hapo hapo kwenye 87, inaanza kujipunguza, inashuka 1400, 1200, inaweza kwenda chini zaidi, mpaka joto likubali. Sasa wewe umeongeza +200 juu ya kadi ambayo tayari inajipunguza ili ipone, ni sawa na lori limechemsha rejeta kwenye mlima halafu dereva anazidi kukanyaga mafuta. Ile siku ya kwanza ulipata fremu kumi kwa sababu ulicheza dakika chache kabla halijachemka.

Ukitaka kuhakikisha usiniamini mimi, weka GPU-Z, ni programu ndogo ya bure, cheza geimu nusu saa halafu uangalie ule mstari unaoitwa PerfCap Reason. Ukikuandikia Thrm ujue ni joto linaibana, ukiandika Pwr ni kikomo cha wati. Kujua vikomo vya kadi yako mwenyewe fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la Windows la kuandikia amri, uandike nvidia-smi -q -d TEMPERATURE, itakuletea digrii ambazo kadi inaanza kujipunguza kwa nguvu na digrii za kuzima kabisa. Ziandike kwenye karatasi ubandike ukutani.

Sasa kazi ya kwanza ni bisibisi. Najua ulitaka nikupe namba za slaida, zitakuja, lakini kwa hali ulivyoieleza ukianza na slaida utaua hiyo mashine. Zima, chomoa chaja, fungua mgongo, na kabla hujagusa kingine chomoa waya wa betri kwenye bodi. Utaona feni na mabomba ya shaba yanayotoka juu ya prosesa na juu ya kadi kwenda kwenye rejeta ndogo ya mapezi membamba pembeni. Wengi wanapuliza kutoka nje kwa blowa wanaona vumbi limetoka wanafurahi wanafunga. Tatizo lenyewe liko ndani, kati ya feni na yale mapezi, hapo vumbi jekundu la kwetu linachanganyika na nywele na nyuzi za nguo linakuwa kama kipande cha blanketi, na halitoki kwa kupuliza, lazima ung'oe feni utoe lile blanketi kwa mkono. Nimefungua mashine moja ya kijana wa Gulu, ile blanketi ilitoka nzima, mstatili kabisa wa umbo la rejeta, ukiishika juani hupitishi mwanga. Hewa ilikuwa inapita wapi sasa? Ukipuliza hakikisha umeishika feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu beringi zinaharibika.

Ukishafika hapo badilisha na pesti, ile ya kijivu iliyoko kati ya chipu na shaba, kwa mashine ya mtumba mara nyingi imeshakauka inapasuka kama udongo wa kiangazi. Safisha kwa isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, sio spiriti yoyote tu, weka pesti mpya kiasi kisha kaza skurubu kwa namba zilizoandikwa pembeni yake, 1, 2, 3, 4, kidogo kidogo usimalize moja kabla ya nyingine. Na hapa nakuomba sana, vile vipande laini kama raba vilivyokaa juu ya chipu za memori usivitupe ukapaka pesti badala yake. Fundi mmoja aliwahi kunifanyia hivyo mimi, pesti haiwezi kujaza ule mwanya, memori zikabaki hazigusi shaba, kadi ilikaa miezi miwili ikafa. Kikichanika tafuta kingine cha unene ule ule, milimita moja kwa milimita moja. Kama mkono wako hauko sawa na bisibisi tafuta fundi, lakini ukae pale pale unatazama.

Na huko uliko kuna kitu kingine watu hawakihesabu. Kiangazi cha West Nile chumba chenyewe mchana kinafika digrii 32, 33, na chumba kikipanda digrii moja kadi nayo inapanda karibu hiyo hiyo moja. Halafu Arua iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja kwa kumi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo feni ile ile ikizunguka vile vile inabeba joto dogo zaidi. Ndio maana ukimwona mtu kwenye video wa nchi ya baridi anasema yeye anapandisha +200 na anakaa 72, hiyo ni 72 yake. Ya kwako inapimwa chumbani kwako, saa nane mchana, na mlango umefungwa vile unavyofungaga ukiwa na kazi.

Inyanyue nyuma kwa vitabu viwili hewa iingie chini, isikae kitandani wala kwenye kitambaa. Halafu prosesa. Laptopu nyingi prosesa na kadi zinatumia mabomba yale yale ya shaba, kwa hiyo prosesa ikichemka inampa jirani joto lake. Nenda setingi za umeme za Windows, pale kwenye kiwango cha juu cha prosesa toa 100 weka 99. Inaonekana kama mchezo lakini kwenye mashine nyingi za Intel hiyo 1 inazima ile spidi ya ziada ya prosesa, na joto linaweza kushuka digrii nyingi kwa mara moja. Utapoteza kidogo kwenye kazi za prosesa, jaribu mwenyewe video moja uone kama inakufaa. Vijana wa jioni nao, funga geimu kwenye fremu 60, skrini yako kama ni ya 60 hizo nyingine hawazioni, ni joto tu unazalisha.

Hapo ndio upime. Weka HWiNFO, programu ya kusoma joto la mashine, acha geimu au Unigine Heaven, programu ya kuitesa kadi, izunguke nusu saa mchana wa jua, uandike joto la juu kabisa. Na kama inakuonyesha ile hot spot iangalie, ni sehemu yenye moto kuliko zote ndani ya chipu, ikiachana na joto la kawaida kwa zaidi ya digrii 20 pesti haijakaa vizuri, rudi ufungue. Ukiwa bado uko 84 kwenda juu baada ya usafi wote huu, mdogo wangu ovakloki sahau, hiyo mashine haina pumzi ya kuitoa. Ukiwa 80 na kidogo tunapunguza volti peke yake. Ukiwa chini ya 76 hivi tunaweza kuongea habari za kupandisha.

Kupunguza volti ndio kitu ningependa ukifanye hata kama utaacha vingine. Chipu inakula wati kwa kufuata spidi na volti, lakini volti inahesabika mara mbili, yaani volti mara volti. Ukitoka volti 0.95 ukashuka 0.85 kwa spidi ile ile, umepunguza karibu moja ya tano ya ile nguvu inayoliwa na kazi. Na kwa sababu laptopu yako imefungwa kwenye wati 50, zile wati ulizookoa kadi inazitumia kubaki kwenye spidi ya juu muda mrefu. Kwa hiyo umepata spidi kwa kupoza. Wengi hawaamini mpaka waone.

Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F, utaletewa mchoro wa mstari, chini volti pembeni spidi. Kwanza angalia ukiwa kwenye kazi nzito kadi inakaa spidi gani kwa volti gani, tuseme 1600 kwa 0.95. Tafuta kidoti cha 0.875, kivute juu mpaka 1600, halafu vyote vya kulia kwake vishushe viwe sawa na hicho, mstari uwe bapa, bonyeza kukubali. Jaribu saa nzima. Ikisimama imara shuka 0.85, ikianguka punguza MHz 15 au rudi volti ya juu kidogo. Chipu hazifanani hata za modeli moja, kwa hiyo namba ya mtu mwingine usiikopi.

Sasa ovakloki yenyewe, kama joto limekuruhusu. Uwe kwenye umeme wa ukutani, sio betri, na sio ile saa ya jioni umeme unacheza. Kori panda +15 kwa +15, kila hatua dakika kumi za kuitesa, ukifika mahali inaanguka rudi nyuma +30 usibaki ukingoni. Nyingi za aina yako zinaishia +100 mpaka +150. Hesabu mwenyewe, 150 juu ya 1560 haifiki asilimia 10, na kwenye kazi halisi utapata chini ya hapo. Video zako ndio zaidi, kama unatoa kwa ile enkoda ya NVIDIA, hiyo ni sehemu ya pekee ndani ya chipu ya kubana video tu, kupandisha kori kunaisaidia kidogo tu, faida utaiona zaidi kwenye efekti na kwenye geimu.

Memori ndio nakusihi uwe mpole. Sababu ni kwamba kwenye kadi kama yako joto la memori halisomeki, hakuna programu itakayokuonyesha, unaendesha gari kipima joto kimekufa. Ile +800 ilikuwa hatari kwa hilo. Panda kwa +50, ishia +200 au +300, na uangalie kitu kimoja, spidi ya fremu ikianza kushuka wakati unaongeza ujue umeshapita, memori inarudia rudia data zilizoharibika njiani kabla hata vidoti havijatokea.

Umeuliza habari ya mlinzi, na hilo ni swali zuri kuliko yote. Kama slaida ya kikomo cha joto kwenye Afterburner inakubali kusogea, iweke 80 umemaliza nusu ya kazi. Kwa laptopu nyingi imefungwa, ina rangi ya kijivu, basi tunaizungukia. Hifadhi profaili mbili, namba 1 iwe setingi za kiwandani, namba 2 iwe za kwako. Kisha kwenye HWiNFO, dirisha la sensa, kuna sehemu ya alamu, chagua joto la GPU, yaani kadi, weka 84, uiambie ikifika hapo ipige sauti na iendeshe programu, programu yenyewe ni MSIAfterburner.exe na mbele yake uandike -Profile1. Joto likigusa 84 kadi inarudi kiwandani yenyewe hata kama umelala. Weka alamu ya pili kwenye joto la prosesa, 97, hiyo iendeshe shutdown na mbele yake /h, mashine inalala kwa usalama na kazi zako zinahifadhiwa badala ya kukatika puu. Lakini usiamini alamu ambayo hujaijaribu, shusha ile ya 84 iwe 50 kwanza, washa geimu, uone kweli profaili inarudi 1, ndipo uirudishe 84. HWiNFO iwake pamoja na Windows, ovakloki isiwake pamoja na Windows, angalau wiki mbili za kwanza. Hivyo ikianguka, kuiwasha upya tu kunakutoa shimoni.

Na kazi ya mteja usiitoe kwenye profaili namba 2 mpaka hizo wiki mbili zipite bila tatizo. Kadi iliyosukumwa inaweza isizime ila ikaharibu fremu moja pale bibi harusi anaingia, na wewe hujui mpaka mteja akupigie.

Kwa hiyo ya Jumamosi, usafi wa vumbi fanya leo, pesti ikikosekana Arua agiza ije na basi, usisubiri. Usiku saa tano chumba kikiwa kimepoa fungua madirisha, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike nvidia-smi -lgc 300,1300, hiyo inaifunga kadi isipite 1300. Itatoa video taratibu lakini haitafika kwenye ule moto, na kadi inayokwenda 1300 bila kusimama inaimaliza kazi mapema kuliko inayopanda 1700 na kuanguka. Itoe kwa vipande vya dakika 15, kikikwama kimoja hurudii vyote, halafu uviunganishe asubuhi uviangalie vyote kwa macho yako mpaka mwisho. Ukimaliza andika nvidia-smi -rgc inafunguka. Ukishafungua mgongo niandikie joto limetoka ngapi likafika ngapi, na unitajie zile wati za adapta.